Mkono wa shangazi na sinia la kashata

Nianze na ngazi manake kila kitu kilianzia hapo. Nyumba yetu iko Kibokoni, ni zile za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa ambazo ngazi zake zimesimama kama za mnarani, vidato vyembamba, mguu wa mtu mzima hauingii wote, upande mmoja ukuta na upande wa pili kamba. Ndio, kamba. Kulikuwa na ubao wa kushikia ukaliwa na mchwa, tukafunga kamba ya mashua tukasema ni ya muda tu, na huo muda sai una miaka minane. Mwezi wa tano masika yakapiga, maji yakapenya kwa paa, shangazi ameswali alfajiri yuwashuka na kandambili zake zimelika hazina hata mistari, akateleza kidato cha tatu kutoka chini. Kwa kutazama si anguko kubwa, aliketi kitako tu, lakini alitanguliza mkono wa kulia kujizuia. Akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akateleka chai. Alipotaka kuinua sufuria ndipo akaona kifundo cha mkono kimepinda kama mgongo wa uma, na hata hapo aliniita kwa sauti ya chini ati nisimwamshe mtu.

Ana miaka 63. Ndiye mpishi wa vitamu vya nyumba na nusu ya mtaa: kashata za nazi, visheti, kaimati, mkate wa sinia, na Ramadhani watu huagiza mpaka simu inazimwa. Si biashara ya kuandikiwa kitabu, ni pesa yake ya mkononi, lakini pia ndio cheo chake. Hilo la cheo nililielewa baadaye sana.

Naandika haya kwa sababu nimeulizwa na watu watatu tofauti walio na wagonjwa wao nyumbani, "mlifanyaje?", na jibu la kweli ni kwamba kwa wiki saba tulifanya vibaya. Mfupa ulijiunga bila shida. Mkono ndio uliokataa kurudi, na tulioukatalia ni sisi wenyewe kwa huruma zetu.

Hospitali siitaji. Daktari kwa kazi yake alikuwa sawa: eksirei ikaonyesha mfupa mrefu wa upande wa kidole gumba umevunjika karibu na kifundo na kipande kimelalia nyuma, wakapiga sindano ya ganzi, wakavuta, wakanyoosha, wakafunga plasta kutoka chini ya kiwiko mpaka kwenye mizizi ya vidole. Rudi baada ya wiki moja upigwe picha nyingine tuone hakijahama, kisha wiki sita. Kilichokosekana ni dakika tano za mwisho. Tulipewa karatasi ya Kiingereza tukaambiwa mwenye foleni anayefuata. Mimi nafanya kazi ghala la majani chai Shimanzi, kutwa niko na karatasi za Kiingereza, na hiyo moja nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Niliisoma wiki ya saba! Ilikuwa imeandikwa wazi kabisa: chezesha vidole kila saa tangu siku ya kwanza, inua mkono juu kuliko moyo siku za mwanzo, toa bega na kiwiko kwenye kitambaa uvinyooshe mara kadhaa kwa siku. Na zile dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo: vidole vikiwa baridi au vya buluu, ganzi isiyoisha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Alhamdulillahi hizo za mwisho hazikutokea, manake hatungezijua.

Sasa nyumbani tukafanya nini? Tukampenda. Mkono ukafungwa leso shingoni mchana na usiku. Akigusa kikombe, "wacha shangazi". Akisogelea jiko, "toka hapo utaungua". Binamu akaletwa kutoka Likoni kupika. Wageni wakaja na supu ya miguu ya ng'ombe ati ya kuunga mfupa, na jirani mmoja akaja na chupa ya mafuta ya ufuta anasema hiyo plasta ni ujinga wa wazungu, ikatwe apelekwe kwa mkandaji avutwe siku tatu apone. Hapo angalau tulikataa, na nilikataa kwa ukali mpaka nikaonekana sina adabu, manake mfupa wa wiki mbili bado ni kama saruji mbichi, ule ute wa kuunga umeanza tu kushika, ukikandwa unahama na ukihama unajiungia pale ulipohamia. Kumsugua mtu mafuta baada ya plasta kutoka, polepole, ngozi ilainike, hilo halina neno na tulilifanya baadaye. Kuvuta hapana.

Supu tulikunywa sote. Ni tamu tu, ila kwa mfupa maziwa na dagaa wanaoliwa na miba yao ndio wenye kazi, kikombe kimoja cha maziwa kina kama miligramu 300 za kalsiamu, dagaa nao ni wa bei ya kila mtu pale soko la Kongowea.

Chai ndio ilikuwa hatari na hatukuiona. Mtu aliyezoea kusimama jikoni tangu alfajiri ukimketisha dirishani hana la kufanya ila kunywa chai. Nilikuja kuhesabu: vikombe sita kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja. Hivyo ni vijiko 18, kila kijiko ni kama gramu 4, zinakuja gramu 72 za sukari kabla hujahesabu mkate wa sinia wa mgeni. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya kalori za siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Na shangazi alikuwa ashaambiwa mwaka uliopita kwamba sukari yake ya damu iko mpakani mwa kisukari. Sukari ikiwa juu mwilini, kidonda na mfupa vyote vinapona kwa kujikokota. Kwa hivyo sisi tunapeleka supu ya kuunga mfupa kwa mlango wa mbele na kwa dirishani tunaingiza kinachoukawiza.

Wiki ya sita plasta ikakatwa. Mkono ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka kama ya kitunguu, na shangazi akautazama kama si wake. Vidole havikukunja ngumi, kati ya ncha za vidole na kitanga kulibaki nafasi ya kupitisha limau. Kugeuza kitanga kitazame juu, kama mtu anayepokea chenji, hakuweza kabisa. Na bega pia lilikuwa limekaza, bega ambalo halikuanguka popote! Akapelekwa kwa mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya kurudisha viungo, msichana mpole sana, akamwonyesha: loweka mkono maji ya uvuguvugu dakika kumi, kunja vidole kimoja kimoja, bana kiwiko ubavuni ugeuze kitanga juu na chini, minya kitambaa, mara kumi kumi, mara tatu kwa siku. Akafanya siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mimi si mtoto wa skuli wa kunyosha mikono hewani," akarudi dirishani kwake na kikombe.

Siku iliyogeuza mambo nilikuwa nataka kumfurahisha, nikasema leo ntapika kashata mwenyewe. Nikakuna nazi mbili, kazi ya nusu saa kwa mtu asiyezoea mbuzi na nusu ya nazi ilikuwa sakafuni. Nikaweka sukari vikombe viwili, maji kidogo, nikakoroga, simu ikalia nikaipokea. Shangazi yuko chumba cha pili. Hakuona, alisikia. Anasema shira ina sauti, ikiwa na maji inachemka kwa mapovu makubwa yanayopasuka, ikikaribia kuwa tayari mapovu yanakuwa madogo mazito na sauti inashuka, na mimi nilikuwa nimeivusha. "We mtoto wachoma sukari!" Akaja mbio, akanipokonya mwiko, akakoroga. Alikoroga kama dakika nzima ndipo sote wawili tukaona ni mkono gani umeshika mwiko.

Haukushika vizuri. Kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimebaki nje kama vya bibi harusi aliyetiwa hina juzi, akahamisha mwiko kushoto baada ya hapo maana uliuma. Kashata zile zilitoka za kahawia na zilishika meno. Tulizila zote.

Usiku ule ndipo nikaitafuta ile karatasi mkobani. Na kesho yake nikampigia yule msichana wa fizio nikamuuliza swali ambalo kumbe yeye alikuwa akitamani aulizwe: huyu hataki mazoezi ila anataka jiko, je jiko linaweza kuwa mazoezi? Akacheka akasema ndio, bora tupange kipi kinatangulia.

Hapa ndipo penye uhondo kwangu, manake ukikaa ukatazama kazi za vitamu vya pwani ni kama mtu aliziandika kwa ajili ya kifundo cha mkono. Kumenya iliki ni kidole gumba na cha shahada kubanana, kazi ndogo isiyo na uzito, ukiketi na bakuli la iliki una mazoezi ya ncha za vidole mara mia mbili bila kuhesabu hata moja. Kukanda unga wa visheti ni kitanga kinasukuma na kifundo kinakunjuka. Kuminya tui ni ngumi kamili. Kukuna nazi sasa, hiyo ni baba lao, umeshika kifuu kwa mikono miwili unakizungusha juu ya ulimi wa mbuzi, kifundo kinakwenda mbele nyuma na kugeuka kwa pamoja. Na kaimati: kinyunya unakibana kwenye ngumi mpaka kichomoze juu kati ya kidole gumba na cha shahada, unakichota na kijiko, unakigeuzia kwenye mafuta. Ukiweza kaimati mkono wako hauna deni na mtu. Ila mafuta yakichemka hayana subira na mkono unaotetemeka, ndio maana kaimati ziliwekwa mwisho kabisa.

Basi wiki ya saba na ya nane ilikuwa iliki na kukoroga uji wa ngano, vitu baridi au vya uvuguvugu. Maji ya uvuguvugu ya kuloweka mkono tuliyahamishia kwenye kuosha vikombe, yaani aliosha vikombe vya nyumba nzima akidhani anatusaidia, na alikuwa anatusaidia kweli. Kiwiko kubana ubavuni na kugeuza kitanga tulikuwa bado tunafanya kavukavu, manake hicho hakina mbadala wa jikoni ulio salama mapema, ila alikubali kufanya akiwa ameshika kijiko cha mbao, juu chini, akidai anapima uzito wa mwiko. Kila mtu na hila zake. Wiki ya tisa unga wa visheti, kwanza nusu kilo tu na samli ya kutosha uwe laini.

Shira tulimkataza. Kila mtu anajua maji yakichemka yanaunguza, lakini shira inayokaribia kuwa kashata hupita nyuzi 110 na tena inanata, haimwagiki ikaenda, inakaa hapohapo kwenye ngozi inaendelea kuiva na wewe. Mtu ambaye mshiko wake haujarudi asiinue sufuria ya shira wala birika la chai lililojaa. Tulinunua thamosi ya kubonyeza juu, hiyo aliipenda mno manake aliweza kumkaribisha mgeni mwenyewe, anabonyeza kwa kitanga, chai inatoka, hajainua kitu. Ukitaka kujua ni kitu gani kilimrudishia uso wake, si kashata, ni ile siku alipomiminia mgeni chai bila mtu kumkimbilia.

Isidhaniwe ilikwenda sawa moja kwa moja. Katikati ya wiki ya tisa maji yalikatika siku mbili, akachukua mtungi wa lita 20 akauburuta hatua tano sita mpaka jikoni, jioni mkono umefura kama andazi. Tukaogopa. Fizio akasema pumzisha siku mbili, inua, weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaa, kisha rudi hatua moja nyuma. Alituambia pia kitu cha kuchunga ambacho nakiandika hapa kwa sababu ni rahisi kukidharau: mkono ukiendelea kuuma kama unawaka moto hata ukiguswa na kitambaa tu, ukang'aa, ukabadilika rangi na kutoa jasho bila sababu, hiyo si ya kusubiri wala ya kusugua mafuta, ni kurudi kwa daktari. Wake ulishuka siku ya tatu.

Sasa ile ya sukari. Hii ndio tuligombania kuliko yote, manake unamwambiaje mpishi wa kashata aache sukari? Nilijaribu hesabu ya gramu 72, akaniuliza kama nimemlea yeye au yeye kanilea mimi. Nikanyamaza. Lakini siku moja nimetoka kazini nimepita Makadara, wazee wameketi na kahawa chungu kwenye vikombe vile vidogo, kila mmoja na kipande chake cha halwa au kashata mkononi, nikasimama kama mjinga. Si wao hawatii sukari kwenye kahawa kabisa? Uchungu uko kikombeni, utamu uko kando, unauma kidogo, unapiga funda, unauma kidogo. Kipande kimoja kinamaliza vikombe vitatu. Hiyo desturi imekaa mtaani kwetu miaka yote na kwenye chai tunafanya kinyume, utamu tunaumwaga wote ndani halafu tunakula na vitamu tena juu yake.

Nikamwambia shangazi, hebu tunywe chai kama wazee wanavyokunywa kahawa. Jaribio la kwanza akatema, na alikuwa na haki. Chai yake ni ile ya vumbi, daraja la D1, inayotoa rangi hata kabla maji hayajachemka sawasawa, na yeye huichemsha mpaka iwe kama ukuta, ikiwa hivyo lazima iombe sukari. Nikaleta daraja la PF1 kutoka kwa jamaa wa ghala, punje ndogo lakini si vumbi, tukabadilisha na mapishi: tangawizi ichemke na maji kwanza (ukiitia mbichi kwenye maziwa yatakatika, hilo anajua yeye kuliko mimi), iliki alizomenya mwenyewe, majani dakika tatu tu, maziwa nusu kwa nusu. Maziwa yenyewe yana utamu wake ukiyaachia nafasi. Akaonja, akanyamaza, akasema, "Haya, ina adabu." Huyu ni mtu ambaye nilipomweleza jinsi waonjaji wa mnada wanavyovuta chai mdomoni na kuitema alisema hiyo ni kufuru. Mnada wa chai uko hapa Mombasa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, chai za Kenya, Uganda, Rwanda na kwingine zote zinapita kwetu, na sisi wenyeji tunainywa kama dawa ya kikohozi.

Tukakubaliana chai ya maana ni moja, ya saa kumi baada ya alasiri, na kipande kimoja cha kashata kilichokatwa kidogo kama dado ya kuchezea. Asubuhi chai ya maziwa kijiko kimoja. Pamoja na chakula cha mchana maji tu, manake chai ikinywewa na mboga inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Kutoka vijiko 18 tukafika vitatu vinne kwa siku ukijumlisha kashata. Siwezi kukwambia kama hiyo ndiyo iliyoharakisha mkono, vitu vingi vilibadilika pamoja. Kipimo chake cha sukari miezi mitatu baadaye kilikuwa kimerudi upande wetu wa mpaka, hicho nilikiona kwa macho.

Wiki ya kumi na mbili alikuna nazi moja. Ya kumi na nne alinisimamia nikapika shira, yeye akamimina kwenye sinia na kukata, pembe zote sawa, nusu nyeupe nusu za waridi. Kaimati za kwanza zilikuja mwezi wa tano baada ya kuanguka, zingine zilikuwa na mikia kama viluwiluwi, alizificha chini ya sahani akanipa za duara. Mpaka leo hafungui mfuniko wa chupa ya achari, na asubuhi ya baridi kifundo kinamwambia mvua inakuja kabla ya redio. Fizio anasema wengi nguvu ya mkono huendelea kurudi mpaka mwaka.

Kitu kimoja nakilaumu kwetu zaidi ya yote. Mwanamke wa miaka 63 akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunja kifundo, si bahati mbaya tu, mara nyingi ni mifupa inapiga hodi kwamba imeanza kupungua, na hodi ya pili huwa ni nyonga. Hakuna aliyetuambia, na sisi sote tuliangalia mkono. Tuliuliza wenyewe mwezi wa nne baada ya kuanguka, akapimwa, sai anameza dawa ya mifupa na vitamini D, manake hata Mombasa yenye jua hili mtu anayekaa ndani na akitoka yuko ndani ya buibui jua halimfikii. Kandambili zilitupwa, nilizitupa mwenyewe usiku. Taa ya ngazini imewekwa.

Kamba bado iko. Fundi wa ubao alikuja, akapima, akanywa chai, akala kashata tatu akazisifu, akasema atarudi Jumatatu. Shangazi anasema akirudi apewe moja tu mpaka amalize kazi.